Mpaka Harufu Iishe

Chura wa kwanza alikufa Jumanne, miguu imenyooka
kama mtu aliyekatishwa akiogelea.
Daktari wa wanyama alipangusa tumbo lake kwa kijiti cha pamba,
akasubiri majibu siku nne, akasema neno moja: kuvu.
Akarudia polepole, kwa sababu mimi ni mzee:
kuvu ya ngozi. Huishi majini. Huwezi kuiona.
Osha kila kitu, bwana Wiesław. Kila kitu.

Amebaki mmoja. Kalina alimwita Pestka, yaani kokwa,
kwa jinsi anavyojikunyata akilala;
kisha mjukuu wangu akaenda zake chuoni Wrocław,
akaniachia kokwa, tangi la kioo,
na karatasi ya maagizo yenye vipepeo pembeni.
Pestka sasa yumo ndani ya kopo la plastiki juu ya kabati,
amelalia karatasi yenye unyevu,
ananitazama kama mpangaji aliyehamishwa bila notisi.

Naanza na vya kutupa.
Makumbi ya nazi (mnazi wenyewe sijawahi kuuona)
nayafunga mifuko miwili, fundo juu ya fundo.
Gogo nalo liende. Lilikuwa zuri, lina tundu la kujificha,
lakini mti hunywa,
na kilichonywewa hakifikiwi na burashi.
Bakuli na kioo vitabaki.

Sabuni hapana. Kalina amepigia mistari mitatu.
Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi;
ukimshika kwa mkono wenye krimu, umemnywesha krimu.
Ni nyumba ambayo kuta zake zote ni mlango.

Bafuni, dirisha wazi, theluji ya Februari ikichungulia,
glavu mkononi, napima: kikombe kimoja cha klorini,
vikombe tisa vya maji. Si kwa macho. Kwa kikombe.
Nilitengeneza breki za tramu miaka thelathini na moja;
najua neno "takriban" limezika wangapi.
Wala sitii siki juu yake, ati king'are zaidi:
dawa mbili zikigombana, liumialo ni pafu.

Kifuniko kikafunguka, na Halszka akaingia.

Harufu yake. Miaka ishirini alipiga deki wodi ya pili,
akirudi alfajiri na klorini vidoleni,
akiniwekea kiganja shavuni: "Amka, tramu hazijiendeshi."
Hakuna manukato niliyomnunulia yaliyoishinda.
Nguo zake tuligawa. Foronya nilifua, kwa ujinga, wiki ile ile.
Kumbe alibaki dukani, rafu ya chini,
ndani ya chupa ya zloti sita.

Nikakaa ukingoni mwa bafu.
Dakika kumi na tano ndizo dawa inazotaka juu ya kioo.
Nilikaa arobaini.

Kisha suuza. Karatasi inasema: suuza,
suuza tena, ukidhani imetosha, suuza.
Maji ya mwisho yatiwe matone ya kuondoa klorini,
tangi likauke wazi usiku kucha,
na kabla ya kumrudisha, ingiza kichwa, vuta pumzi.
Ukinusa hata chembe, bado.

Asubuhi niliingiza kichwa. Bado.
Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Jioni: bado, ila kwa mbali,
kama mtu aliyekwishafika ngazi za chini.
Juu ya kabati Pestka alikuwa amepauka,
koo likimpiga pu, pu, pu.
Ngozi yake haimjui Halszka.

Nikasuuza mara ya sita.

Kesho yake niliingiza kichwa mpaka mabega.
Kioo. Baridi. Hewa isiyo na mtu.
Nikatandika karatasi mpya, nikaweka bakuli,
na kigae cha chungu kiwe pango.
Nikavaa glavu mpya, nikazilowesha, nikamchukua.
Alikaa kiganjani dakika nzima, hana haraka,
akinywa kilichokuwapo.

Maji tu.